Usafiri wa mto Kongo

Usafiri wa mto Kongo ni usafirishaji wa watu na mizigo kwa vyombo vya majini katika mto Kongo na matawimto yake, hasa ndani ya msitu wa mvua wa Afrika ya Kati. Njia yake kuu iko katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kati ya miji ya Kinshasa na Kisangani, ikiwa na urefu wa takriban kilomita 1,730. Sehemu kubwa ya eneo hilo haina barabara inayopitika mwaka mzima, wala reli. Kwa sababu hiyo mto ndio barabara kuu: unabeba chakula, dawa, mafuta, magogo, barua, wanafunzi, wagonjwa na wafanyabiashara.

Mto huohuo hutumiwa pia na Jamhuri ya Kongo, ambayo mji mkuu wake ni Brazzaville, na kupitia tawimto la Ubangi na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambayo mji mkuu wake ni Bangui.

Jiografia

Mto Kongo una urefu wa takriban kilomita 4,700. Kwa wingi wa maji ni wa pili duniani baada ya Amazonas, kwani kwa wastani humwaga baharini takriban mita za ujazo 41,000 kila sekunde. Pia ni mto wenye kina kikubwa kuliko yote iliyopimwa. Mahali pengine katika sehemu yake ya chini kina kinapita mita 200.

Mto huu unavuka ikweta mara mbili. Kutokana na hilo, sehemu moja ya beseni lake iko upande wa kaskazini wa ikweta na nyingine upande wa kusini, na majira ya mvua ya pande hizo hayaji kwa wakati mmoja. Upande mmoja unapokauka, mwingine unapata mvua. Ndiyo maana mto haupungui sana kama mito mingi ya Afrika, na vyombo vinaweza kusafiri miezi yote. Hata hivyo kuna tofauti: huko Kinshasa maji hujaa zaidi mwezi Desemba, hupanda tena kidogo mnamo Aprili na Mei, na kupungua zaidi mnamo Julai na Agosti.

Kati ya Kisangani na Kinshasa mto unateremka takriban mita 100 tu katika mwendo wa zaidi ya kilomita 1,700. Mteremko huo mdogo unaufanya mkondo uwe mpole na mto uwe mpana. Mahali pengine upana unapita kilomita 10, lakini humo mna visiwa vingi vyenye misitu na mafungu mengi ya mchanga. Msafiri aliye katikati ya mto mara nyingi haoni kingo halisi za mto, bali visiwa tu.

Mahali mto unapokatika

Ukitazama ramani, utaona kwamba miji mikubwa ya mto Kongo ipo mahali ambapo vyombo haviwezi kuendelea mbele. Mto unapitika kwa sehemu sehemu, na kati ya sehemu moja na nyingine kuna maporomoko. Penye maporomoko mizigo ilibidi ishushwe na kubebwa nchi kavu. Hapo pakajengwa bandari, maghala, reli na hatimaye miji.

Kuanzia baharini, meli kubwa zinaweza kuingia mtoni hadi Matadi. Juu ya Matadi yanaanza Maporomoko ya Livingstone, mfululizo wa maporomoko na mikondo mikali wenye urefu wa takriban kilomita 350, ambamo mto unateremka zaidi ya mita 250. Hapo hakuna meli inayoweza kupita. Nguvu ya maji hayo hutumiwa kuzalisha umeme katika mabwawa ya Inga I (1972) na Inga II (1982).

Juu ya maporomoko hayo mto unapanuka kama ziwa. Mahali hapo panaitwa Pool Malebo, na kando zake ziko Kinshasa na Brazzaville. Kutoka hapo njia iko wazi hadi Kisangani, ambako inazuiwa na Maporomoko ya Boyoma, yaliyoitwa zamani Stanley Falls. Hayo ni maporomoko saba yaliyosambaa kwa takriban kilomita 100 hadi Ubundu. Juu ya Boyoma mto unaitwa Lualaba. Unapitika tena kutoka Ubundu hadi Kindu, takriban kilomita 300, na katika sehemu nyingine kusini zaidi.

Ili kuunganisha vipande hivyo, reli zilijengwa kando ya maporomoko. Reli ya Matadi hadi Kinshasa ilijengwa kati ya miaka 1890 na 1898. Reli ya Kisangani hadi Ubundu, yenye urefu wa kilomita 125, ilifunguliwa mwaka 1906. Upande wa Jamhuri ya Kongo, reli ya Kongo-Bahari ilijengwa kati ya 1921 na 1934 kutoka Brazzaville hadi bandari ya Pointe-Noire; maelfu ya wafanyakazi walioshurutishwa walikufa katika ujenzi wake.

Matawimto nayo ni sehemu ya mtandao huo. Kasai inafikisha vyombo hadi Ilebo, ambapo inaanza reli ya kwenda Lubumbashi. Kwa njia hiyo shaba ya Katanga ilisafirishwa kwa reli hadi Ilebo, kwa matishari hadi Kinshasa, kisha kwa reli tena hadi Matadi: kupakia na kupakua mara kadhaa kabla ya kufika baharini.

Historia

Muda mrefu kabla ya wageni kufika, watu wa mto walifanya biashara kwa mitumbwi. Wabobangi walisafirisha bidhaa kati ya Pool Malebo na sehemu za juu za mto, na lugha yao ilikuwa chanzo kikuu cha Kilingala. Karibu na Kisangani, Walokele walijulikana kama wavuvi, wafanyabiashara na mafundi wa ngoma za kupeleka habari. Ngoma hizo, zilizochongwa kutoka gogo moja, zina sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa kuwa Kilokele ni lugha ya toni, mpigaji aliweza kufuata toni za maneno. Maneno mengi yana toni zilezile, hivyo mpigaji hakutaja neno moja peke yake bali alipiga kifungu kirefu kilichozoeleka, ili msikilizaji asikosee. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi katika eneo hilo, alieleza ufundi huo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1949.

Mreno Diogo Cão alifika kwenye mdomo wa mto mwaka 1482, lakini maporomoko yaliwazuia Wazungu wasipande juu kwa karibu miaka 400. Habari za sehemu za ndani ziliwafikia kutoka upande wa mashariki. Wafanyabiashara wa Waswahili na Waarabu kutoka pwani na Unguja walikuwa wamefika Nyangwe kwenye Lualaba, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Mkubwa wao alikuwa Hamad bin Muhammad al-Murjabi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip. Mwaka 1876 alimsindikiza Henry Morton Stanley kwa sehemu ya safari yake kuteremka mto. Stanley aliendelea pamoja na wapagazi na askari wake, wengi wao Waswahili walioitwa Wangwana, akafika Boma karibu na bahari mwezi Agosti 1877. Wengi wa wafuasi wake walikufa njiani kwa njaa, maradhi, mapigano na maji ya maporomoko.

Stanley alirudi kwa niaba ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji na kuanzisha vituo kando ya mto, vikiwemo Léopoldville (sasa Kinshasa) mwaka 1881 na kituo cha Stanley Falls (sasa Kisangani) mwaka 1883. Kwa kuwa reli ilikuwa haijajengwa, meli za kwanza za mvuke zilifunguliwa vipande vipande, zikabebwa na wapagazi kupita maporomoko, kisha zikaunganishwa tena kwenye Pool Malebo. Mwaka 1887 Tippu Tip aliteuliwa kuwa gavana wa eneo la Stanley Falls kwa ajili ya Dola Huru la Kongo la Leopold. Baada ya yeye kurudi Unguja, vita vya miaka 1892 hadi 1894 vilimaliza utawala wa wafanyabiashara hao katika mashariki ya Kongo.

Chini ya Leopold (1885-1908) meli za mto zilikuwa chombo cha unyonyaji. Zilipeleka askari na silaha juu ya mto, zikarudi na pembe za ndovu na mpira uliokusanywa kwa kuwashurutisha wanavijiji kwa vipigo, mateka na mauaji. Vijiji vya kando ya mto vililazimishwa pia kutoa kuni kwa ajili ya meli na chakula kwa ajili ya askari. Mwandishi Joseph Conrad alifanya kazi kwenye meli mojawapo mwaka 1890, na aliyoyaona huko yaliingia katika riwaya yake "Heart of Darkness".

Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji (1908-1960) idadi ya meli iliongezeka, na njia ya vyombo iliwekewa alama na maboya. Baada ya uhuru shirika la serikali liliendesha meli kubwa za abiria, lakini kuanzia miaka ya 1980 na 1990 nyingi zilichakaa bila kutengenezwa. Vita vya Pili vya Kongo (1998-2003) vilikata mto katikati: Kinshasa ilikuwa mikononi mwa serikali, Kisangani mikononi mwa waasi na majeshi ya kigeni. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa siku sita ndani ya Kisangani na kuua raia wengi. Kwa miaka hiyo bei ya chumvi, sabuni na dawa ilipanda sana katika miji ya juu, na mazao ya wakulima yalikosa soko. Njia ilipofunguliwa tena, kazi kubwa ya usafiri ilichukuliwa na wenye vyombo binafsi.

Aina za vyombo

Chombo kikubwa zaidi ni msafara wa matishari. Meli moja yenye injini husukuma kutoka nyuma matishari kadhaa yaliyofungwa pamoja kwa nyaya. Matishari hayo yametengenezwa kwa ajili ya mizigo, lakini abiria hukaa juu yake wakijitengenezea vivuli kwa maturubai.

Chombo cha pili ni boti kubwa ya mbao yenye injini. Wakongo huiita kwa jina la Kifaransa, baleinière. Hujengwa kandokando ya mto na mafundi seremala, na hubeba mizigo pamoja na abiria. Ni rahisi kuijenga na inaweza kuingia katika matawimto yasiyo na kina, lakini ni dhaifu kuliko vyombo vya chuma.

Cha tatu ni mtumbwi wa kuchongwa kutoka gogo moja. Huendeshwa kwa kafi, kwa upondo au kwa injini ndogo. Wapiga kafi wa mito hii mara nyingi hupiga wakiwa wamesimama. Tena kuna magogo yenyewe, ambayo hufungwa pamoja kama chelezo kikubwa na kuteremshwa na mkondo hadi Kinshasa.

Safari ilivyo

Muda wa safari kutoka Kinshasa hadi Kisangani hautabiriki. Kwa msafara wa matishari huchukua kwa kawaida wiki kadhaa, na injini ikiharibika au chombo kikikwama mchangani huweza kupita mwezi. Kuteremka ni haraka zaidi kuliko kupanda, kwa sababu ya mkondo.

Kazi ya nahodha ni ngumu. Mafungu ya mchanga huhamahama, hivyo ramani ya jana inaweza kudanganya leo. Mabaharia husimama mbele ya tishari na kupima kina kwa fito ndefu, huku wakimwashiria nahodha njia. Usiku vyombo vingi hutia nanga kando ya kisiwa; vingine huendelea kwa kutumia taa kali.

Msafara wa matishari ni kama soko linalotembea. Wafanyabiashara hupanga mbele yao chumvi, sabuni, nguo, betri, ndoana, daftari na dawa. Kutoka vijijini watu hupiga kafi kwa nguvu ili kufikia chombo kikiwa kwenye mwendo, wakijishika kwenye ubavu wake. Huleta samaki wabichi na wa kukaushwa kwa moshi, ndizi, mihogo, mawese, viwavi wanaoliwa na nyama ya porini. Kwa familia nyingi za kando ya mto, kupita kwa chombo ndiyo nafasi pekee ya kuuza mavuno na kupata pesa ya karo ya shule. Chakula cha kawaida cha safari ni kwanga, yaani mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani, pamoja na samaki.

Miji ya mto

Matadi ni bandari kuu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa meli za baharini. Mji umejengwa kwenye vilima vya mawe. Tangu mwaka 1983 una daraja la kuning'inia juu ya mto, lililojengwa kwa msaada wa Japani.

Kinshasa na Brazzaville ni miji mikuu miwili inayotazamana ng'ambo ya mto. Kinshasa ina wakazi wengi mara kadhaa kuliko mwenzake na ni mmoja kati ya miji mikubwa kabisa ya Afrika. Hakuna daraja kati yake. Watu huvuka kwa kivuko au boti ya mwendo kasi.

Mbandaka iko karibu kabisa na ikweta, mahali tawimto la Ruki linapoingia mtoni, takriban kilomita 700 juu ya Kinshasa. Ni makao makuu ya jimbo la Équateur na soko kubwa la samaki. Wakati wa ukoloni iliitwa Coquilhatville.

Lisala na Bumba ni bandari ndogo za mazao katika jimbo la Mongala. Lisala ni mahali alipozaliwa rais Mobutu Sese Seko mwaka 1930.

Kisangani ni mwisho wa njia kuu na mji mkubwa wa kaskazini-mashariki ya msitu. Iliitwa Stanleyville hadi mwaka 1966. Karibu nayo wavuvi Wagenia husimika miti mikubwa katikati ya mikondo mikali na kuning'iniza humo mitego mikubwa ya umbo la pia, ambamo samaki husukumwa na nguvu ya maji.

Lugha

Safari ya mto ni pia safari kati ya lugha mbili kubwa. Kuanzia Kinshasa hadi Bumba lugha ya gatini na sokoni ni Kilingala. Kisangani husikika Kilingala na Kiswahili pamoja, na kutoka hapo kuelekea Ubundu, Kindu na mashariki, Kiswahili ndicho lugha kuu ya mawasiliano. Kiswahili kilifika huko pamoja na misafara ya karne ya 19. Msemaji wa Kiswahili kutoka Tanzania au Kenya anaelewana na watu wa Kindu na Kisangani, ingawa Kiswahili chao kina msamiati mwingi wa Kifaransa na Kilingala.

Msitu na mazingira

Msitu wa beseni la Kongo ni msitu wa mvua wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Amazonas. Mto wenyewe ni mpaka wa viumbe: bonobo wanaishi upande wa kusini wa mto tu, na sokwe wa kawaida wanaishi upande wa kaskazini, kwa kuwa nyani hao hawaogelei. Hifadhi ya Taifa ya Salonga, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 36,000, imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1984 na hufikiwa zaidi kwa mito.

Katika mabonde ya katikati, pande zote mbili za mto, kuna vinamasi vyenye tabaka nene la mabaki ya mimea yasiyooza kikamilifu. Mwaka 2017 wanasayansi walionyesha kwamba tabaka hilo limetunza takriban tani bilioni 30 za kaboni. Vinamasi vikikauka au kuchomwa, kaboni hiyo itaingia hewani na kuongeza joto la dunia.

Usafiri wa mto unahusika na hatari hizo kwa njia mbili. Kwa upande mmoja, chombo cha majini hakihitaji kukata msitu kama barabara. Kwa upande mwingine, chombo hichohicho hubeba magogo, makaa na nyama ya porini kwenda mijini. Magugumaji, mmea wa kigeni ulioenea mtoni tangu miaka ya 1950, huziba bandari na kunasa kwenye rafadha za injini.

Usalama na afya

Ajali ni nyingi. Sababu zake zinajulikana: vyombo kujazwa kupita kiasi, kusafiri usiku bila taa, mbao zilizochakaa, dhoruba za ghafla, visiki vilivyofichwa na maji, na ukosefu wa majaketi ya kuokolea maisha. Mara nyingi orodha ya abiria haipo, hivyo haijulikani ni wangapi waliopotea. Abiria wengi hawajui kuogelea. Moto nao ni hatari: mwezi Aprili 2025 boti ya mbao iliwaka moto karibu na Mbandaka wakati abiria mmoja alipokuwa akipika, na watu zaidi ya 100 walikufa.

Serikali imewahi kupiga marufuku safari za usiku na kuagiza majaketi yavaliwe, lakini usimamizi ni mgumu katika mto mrefu wenye gati nyingi ndogo. Kwa msafiri maskini hakuna chaguo lingine, kwani nauli ya ndege ni kubwa mno na barabara haipo.

Mto hubeba pia maradhi. Mwaka 2018 mlipuko wa Ebola ulioanza katika eneo la Bikoro ulifika Mbandaka, na hofu ilikuwa kwamba vyombo vingeufikisha Kinshasa; chanjo na ukaguzi bandarini vilisaidia kuuzuia. Kwa upande mwingine, ni kwa boti hizohizo chanjo hufika katika vijiji vya mbali. Malaria imeenea katika eneo lote, na mgeni anayeingia nchini anatakiwa kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.